Ng'ombe Aliyepotelea Nyotani

Asubuhi ile mwalimu wetu wa fizikia aliingia kidato cha tatu bila fimbo. Tukaangaliana. Mwalimu wa fizikia bila fimbo ni kama fisi aliyekuja kusalimia: unashangaa, lakini humsogelei. Akaweka chaki mezani, akatazama dirishani, akasema kwa sauti ya mtu aliyepigiwa simu na mchumba wa zamani:

"Wanairudisha."

"Nini, mwalimu?"

"Pembe. Imetoka Pembe Nne."

Mimi ndiye msemaji wa mambo ya kipuuzi darasani. Sijaajiriwa ila kazi naifanya kwa moyo. Nikanyoosha mkono. "Mwalimu, mbuzi wawili wana pembe nne. Zimetoka wapi?"

Darasa likaanguka kwa kicheko. Siku nyingine yoyote ningekuwa nje nafyeka nyasi. Siku hiyo alinitazama tu kwa huruma. "Wewe ulichelewa kuzaliwa," akasema. "Hujui maana ya kumsubiri ng'ombe yule miaka zaidi ya ishirini."

Ng'ombe? Tulikuwa tunasoma habari za mwanga.

Inabidi nieleze. Wazazi wetu walipokuwa vijana, Bariadi ilikuwa na banda la video nyuma ya soko. Lilikuwa la mabati, lina mabenchi yanayochana suruali na televisheni moja yenye kisogo kikubwa kama cha mjumbe aliyeshinda uchaguzi. Hapo ndipo ziliporushwa filamu tatu kubwa kutoka ng'ambo, zenye meli zinazoruka kati ya nyota, maroboti, na mchawi mmoja mweupe anayegandisha sayari kwa kuipulizia. Jina la Kizungu la filamu hizo lilimshinda kila mtu. Kwa kuwa meli kubwa iliyokuwamo ilikuwa na pembe mbili, watu waliziita Pembe Moja, Pembe Mbili na Pembe Tatu, wakaona inatosha.

Na kando ya televisheni alisimama mtafsiri na kipaza sauti chake. Kazi yake ilikuwa kusimulia filamu papo hapo, kwa Kiswahili kilichochanganywa na Kisukuma, ili hata aliyetoka Kimali kuuza kuku aelewe. Mtafsiri huyo alikuwa mjomba wangu, mdogo wake mama.

Shida moja tu. Kiingereza cha mjomba kilianzia na kuishia kwenye kumwamkia mwalimu.

Lakini mdomo wa mjomba haujawahi kusubiri elimu. Alichokiona kwenye kioo ni hiki: kijana wa nyotani anamtafuta ng'ombe wa mama yake aliyeibiwa. Ile meli yenye pembe ndiyo ng'ombe mwenyewe. Ng'ombe wa huko juu ndivyo walivyo, wanakula moto na mtu anaweza kuingia ndani. Huyu ana baka jeupe kwenye paji la uso. Yale maroboti ni wachungaji. Wale wazee wenye majoho wanaokaa mduara ni sungusungu wa anga, na kengele ya hatari inapolia kwenye meli, mjomba alikuwa anapiga mwano, ule ukunga wa kuwaita wanaume wizi unapotokea, mpaka watu wa sokoni wanakuja mbio na marungu. Na yule mchawi mweupe? Mwizi. Mwizi gani? Wa upande wa pili wa mto. Mto gani? Kaa chini, unaziba wenzako.

Pembe Tatu iliishia pabaya. Meli ikamezwa na shimo jeusi, kijana akabaki peke yake kwenye barafu. Mjomba akawatangazia watu kwamba ng'ombe kapotelea gizani lakini nyayo zimeonekana. Halafu Wazungu wakaacha kutengeneza. Kwa hiyo hapa Bariadi kuna kizazi kizima cha watu wazima, wana watoto, wana vyeo, wengine wanatuchapa viboko, ambao moyoni wanasubiri nyayo zile.

Pembe Nne ilipofika, mwenye banda alikuwa na haraka. Siku hizi banda lina skrini pana na kazi yake ni mpira tu. Jumamosi mchana akaiweka ikiwa na maandishi ya Kiswahili chini, bila mtafsiri. Nilikwenda kwa ajili ya kuwatazama wakubwa, na sijawahi kupata burudani kama ile.

Dakika kumi, kimya. Dakika ishirini, watu wanajikuna. Nusu saa, muuza nyama wa soko kubwa akasimama, mikono kiunoni.

"Ng'ombe yuko wapi?"

"Subiri, labda yuko mbele," mtu akamtuliza.

"Mbele wapi? Naona wanaongelea mikataba ya jua! Wamemtoa ng'ombe!"

"Na sungusungu nao wamegeuzwa bunge," akasema mama mmoja fundi cherehani. "Tazama. Wanapiga kura. Sungusungu gani anapiga kura?"

Mwalimu wangu wa fizikia alikuwa amevua miwani anaifuta kwa tai. "Hawa waongozaji wapya," akasema, "hawaheshimu asili. Wanachukua kitu cha watu, wanakiharibu, basi."

Niliteleza kwenye benchi nikaanguka chini, na hapo chini nikaendelea kucheka. Jamani! Walikuwa wanawalaumu Wazungu kwa kuharibu hadithi ambayo Wazungu hawajawahi kuisikia!

Zogo lilipokuwa kubwa, mwenye banda akapanda kwenye benchi, akaahidi kwamba Jumapili ya wiki inayofuata, watu wakishatoka kanisani, Pembe Nne itarushwa upya ikitafsiriwa na mwenyewe, yaani mjomba. Watu wakapiga makofi. Ingetakiwa niishie hapo kucheka, nikanywe maji, nikalale.

Lakini mimi ni mimi.

Jumatano baada ya masomo nilikwenda kwenye saluni ya kunyoa karibu na stendi, mahali ambapo wanaume wanne wananyolewa na kumi na wanne wanatoa maoni. Rafiki yangu mmoja, mrefu kama mlingoti wa bendera ya shule, alikuwa amenitafutia Pembe Moja yenye maandishi ya Kiswahili ndani ya flashi. Nikaichomeka kwenye televisheni ya saluni. "Wazee wangu," nikasema, "leo nawaletea asili."

Kinyozi alisimamisha mashine ikiwa katikati ya kichwa cha mteja. Kwenye televisheni, mzee wa majoho akamgeukia yule kijana, maandishi yakatokea: *Nishati ya jua letu inakwisha.*

"Si hapo anamuuliza njia ya kwenda mnadani?" akasema muuza nyama, polepole.

"Ndivyo mlivyoambiwa," nikajibu. "Ng'ombe hajawahi kuwepo. Moja hayumo, Mbili hayumo, Tatu hayumo. Mjomba wangu aliwapiga changa la macho!"

Saluni ikapasuka. Walicheka wakapigana mabega, walicheka mpaka mteja mwenye nusu kichwa akatoka nje kupata hewa. Na hapo mjomba akaingia.

Mjomba siku hizi ana kazi ya matangazo. Anazunguka na kigari chenye vipaza sauti viwili juu ya paa, anatangaza mbegu za pamba, misiba, chanjo, mahubiri, kila kitu kwa sauti ileile. Alikuwa amepita kunyoa ndevu.

"Mtafsiri!" akapayuka muuza nyama. "Hebu tusaidie, huyu mzee hapa anasemaje?"

Mjomba akatazama televisheni. Akasoma maandishi. Nilimwona anavyosoma, midomo inacheza. Akasoma na ya pili, na ya tatu. Akaangalia flashi, akaniangalia mimi. Alicheka kidogo, kama mtu aliyejikwaa mbele ya wakwe. "Wabeja," akasema, yaani asante, akatoka na ndevu zake.

Kesho yake alikuwa anatangaza chanjo ya mifugo mtaani kwetu. "Wafugaji wote mnaombwa kuleta ng'ombe wenu..." Watoto wakakimbia nyuma ya gari: "Hata wa angani? Hata wanaokula moto?" Kipaza sauti kikakoroma, kikazimwa. Jioni nikasikia amemwambia mwenye banda atafute mtu mwingine. "Maandishi yapo," alimwambia. "Wajisomee."

Nikajisikia vibaya kidogo. Kidogo sana, kama punje ya mtama kwenye kiatu. Unatembea nayo.

Punje ikawa jiwe nilipofika nyumbani, maana bibi alikuwa amekuja. Bibi yetu, mama yake mama na mjomba, anaishi Mwandoya na pamba yake na maneno yake. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu, na Jumatatu alitakiwa kufanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho. Alikuwa amekaa uani anatenganisha choroko kwa vidole tu.

"Mwadila, bibi," nikamwamkia kwa Kisukuma.

"Mwadila, mume wangu." Bibi ananiita mume wake tangu nizaliwe, na ananisema kama mke kweli. "Umekonda. Wake zako wengine hawakulishi? Haya, niambie. Jumapili ni saa ngapi?"

"Jumapili kuna nini?"

"Anauliza kuna nini! Si mwanangu anatafsiri ile Pembe? Nimemwambia daktari Ijumaa siwezi, anipange Jumatatu. Nataka nisikie kama ng'ombe alirudi, ndipo wanishike macho."

Mama alikuwa mlangoni na mwiko. Aliniangalia tu kuanzia unyayo mpaka utosi, halafu akarudi jikoni, na nikasikia sufuria zikigongwa kwa jina langu.

Nikaona afadhali nitubu. Nikakaa chini kwenye mkeka. "Bibi, samahani. Mjomba hatafsiri tena. Na, bibi... kwenye ile filamu hakuna ng'ombe."

"Nani kakuambia hakuna?"

"Nimesoma maandishi."

"Maandishi." Akatupa choroko mbovu pembeni bila kuitazama. "Yumo. Nilimleta mimi."

Ndipo aliponisimulia. Mwaka ule Pembe Moja ilipokuja, aliibiwa ng'ombe wake jike, yule aliyekuwa anamkamua kulisha watoto. Akatembea minada yote kumtafuta, akaishia Bariadi, hakumwona. Kabla ya kurudi akapita kwenye banda kumuaga mwanawe. Akasimama mlangoni, miguu imejaa vumbi.

"Alikuwa na kile chuma chake mdomoni, anasema habari za mfalme sijui nani. Akaniona. Akanyamaza, watu wakaanza kupiga miluzi. Halafu akasema, 'Huyu kijana anamtafuta ng'ombe wa mama yake. Ana baka jeupe usoni.' Basi, nikakaa."

"Kwa hiyo ulijua tangu siku ile ni uongo?"

"Wewe! Mimi nimeanza kukamua sina meno, na sasa sina meno tena. Unadhani ng'ombe simjui? Ng'ombe gani analala angani?"

Nikaruka. "Basi nikamwambie mjomba! Anaona aibu anadhani umedanganyika miaka yote. Nikimwambia unajua, atarudi."

Bibi akanikamata sikio. Haoni, lakini sikio langu alilipata mara moja. "Usithubutu. Asipojua kwamba najua, anasimulia. Akijua, anadanganya. Umeliharibu mwenyewe, litengeneze mwenyewe, na siri yangu usiiguse."

Nilimfuata mjomba Ijumaa, nikamfuata Jumamosi. Nilimwosha gari. Nilimwimbia. Nilipiga magoti mbele ya tairi. "Mjomba, bibi anakusubiri."

"Nitamtazamaje?" akasema. Alikuwa ameshika kitambaa anafuta kioo ambacho nilishakifuta. "Miaka yote mama ananiuliza habari za ng'ombe yule. Nikaseme nini? Kwamba ni jua limeishiwa nishati?"

Siri ilikuwa inanikereketa kooni kama pilipili. Nikaimeza.

Jumapili banda lilifurika. Wakatoliki walitangulia, Waprotestanti wakaja wamechelewa, kwaya zao ndefu. Waliokuja kusikiliza na waliokuja kuzomea walikuwa walewale. Bibi aliwekwa mbele kabisa, kwenye kiti cha plastiki, amevaa vitenge vipya. Mwenye banda akaniuliza, "Mtafsiri yuko wapi?"

"Ndiye mimi," nikasema.

Nilidhani ni rahisi. Mimi mropokaji wa wilaya, nishindwe na kipaza sauti? Filamu ikaanza, meli zikapita, nikafungua mdomo na kilichotoka ni hiki: "Sasa... hawa wanaenda... mahali."

"Wapi?" akauliza mtu.

"Huko."

"Toeni huyo mtoto!"

"Rudi shule!"

Nikaamua kumwingiza ng'ombe. "Na ng'ombe yule pale! Kushoto!" Watu wakatulia kidogo. Kweli, meli ya zamani ilikuwa imetokea, imechakaa, pembe moja imevunjika. "Anakuja," nikasema. Basi. Sikuwa na zaidi. Mtu aliyelelewa mjini kwa maziwa ya pakiti anaweza kusema nini juu ya ng'ombe?

"Amekonda?" bibi akauliza kutoka kwenye kiti chake.

"Eh... wastani."

"Wastani! Anatembeaje? Anachechemea? Pembe zote anazo? Ana mimba?"

"Sijui, bibi."

"Anamtafuta ng'ombe na hajui kama ana mimba!" Bibi akageukia watu. "Hata huyo mwizi angejua!"

Banda zima likanicheka. Mwalimu wangu wa fizikia alicheka kuliko wote, nikajua hayo ni malipo ya mbuzi wawili. Jasho likanitoka mpaka kwenye vidole, kipaza sauti kikaanza kuteleza. Na bibi hakuwa anacheka. Alikuwa ameinamisha kichwa, ametega sikio, kama anayesubiri mtu abishe hodi.

Ndipo sauti ikapasua mabati kutoka nje.

"MIEZI SABA!"

Tuligeuka wote. Ng'ambo ya barabara kigari cha matangazo kilikuwa kimeegeshwa, na mjomba, ambaye kwa muda wote huo alikuwa anajifanya anakagua tairi, alikuwa ameketi kwenye usukani, anachungulia skrini kupitia mlangoni. Vipaza sauti vyote viwili vilikuwa wazi.

"Kwa jinsi tumbo lilivyolala, mimba ya miezi saba," akaendelea, na mji mzima ukapata taarifa. "Pembe moja imevunjika, kapigana na fisi wa huko gizani, na fisi mwenyewe hayupo tena. Hachechemei. Ninyi mlio nyuma punguzeni kelele, mnamtisha!"

Bibi akainua kichwa. "Eee," akasema. "Huyo sasa ndiye mtafsiri."

Mjomba aliingia akipita juu ya magoti ya watu. Alininyang'anya kipaza sauti bila kunitazama, ila kisigino chake kilikanyaga kidole changu na nadhani kilikusudia. Kuanzia hapo sina maelezo ya kutosha. Bunge likawa sungusungu tena. Mikataba ya jua ikawa kikao cha kumhukumu mwizi. Kengele ilipolia mjomba akapiga mwano, na naapa, wanaume wawili waliokuwa wanapita barabarani wakaingia na fimbo. Muuza nyama, aliyekuja kuzomea, alikuwa amesimama juu ya benchi anamwelekeza ng'ombe: "Pita kulia, mama! Kulia!" Aliyeshuhudia saluni na asiyeshuhudia, wote walijua hakuna ng'ombe, na wote walimwona.

Mwishoni meli ikatua kwenye ardhi ya kwao, palepale filamu ya kwanza ilipoanzia. Yule kijana, sasa mzee mwenye mvi, akaenda kuigusa. Mlango wa chini ukafunguka, kikatoka chombo kidogo cha uokoaji, kinayumba, kina vipembe viwili vifupi.

Mjomba akanyamaza.

"Nini?" bibi akauliza. "Mbona umenyamaza? Nini?"

"Mama," akasema, amesahau kwamba bado ana kipaza sauti. "Amerudi. Na amezaa."

Mama fundi cherehani akapiga vigelegele. Mwalimu wangu wa fizikia, mtu anayejua kasi ya mwanga mpaka desimali, alikuwa anajifuta macho kwa tai. Majina ya waigizaji yakaanza kupanda na hakuna aliyeyasoma, kwa sababu muuza nyama alikuwa ameuliza swali baya: kama ng'ombe alizalia zizini kwa mwizi, na kula majani ya mwizi, je, ndama ni wa nani? Wakaanza kubishana mpaka viti vikaanguka.

Bibi akagonga sakafu kwa fimbo yake. "Ng'ombe wangu akizalia kwa mwizi, ndama anakuwa mwizi?"

"Hapana!"

"Basi nileteeni."

Jumatatu nilimsindikiza hospitali, na jioni nikamkuta kitandani, jicho moja limefungwa bandeji kubwa nyeupe. Mjomba alikuwa nje anazungumza na nesi kwa sauti ya matangazo. Bibi akanivuta kwa shati.

"Mume wangu. Wewe uliyesoma, unayeona vizuri. Jana nilisahau kuuliza. Yule ndama ana rangi gani?"

Nilikiona kile chombo kwa macho yangu. Ni chuma, kijivu, kina namba ubavuni.

"Mwekundu, bibi," nikasema. "Ana baka jeupe kwenye paji, kama mama yake. Na ni jike."

Bibi akanipigapiga mkono. "Umeanza kujifunza," akasema, akalala.